Muscadet si Muscat: kwa wahudumu wenzangu mnaojiandaa na usaili

Juzi usiku msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, Jumatatu nina usaili hotelini. Kwenye orodha yao ya vinywaji nimeona mvinyo uitwao Muscadet. Ni ule mtamu wa zabibu za Muscat, eti?" Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Jibu hilo hilo ndilo nililompa mgeni miaka saba iliyopita, na halijanitoka moyoni.

Walikuwa mume na mke, watu wazima, wametokea Nantes, magharibi mwa Ufaransa. Wameagiza chaza. Nikawaambia kwa kujiamini kwamba Muscadet ni mtamu, bora wausubirie keki. Yule mzee akaniuliza taratibu kama nimewahi kuuonja. Sikuwahi. Msimamizi wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, akaninyang'anya chupa mbele yao, na tulipofika jikoni akasema kwa sauti kwamba mtoto wa shamba atajulia wapi mvinyo. Mimi, binti wa Hombolo, Dodoma, niliyesomeshwa kwa zabibu za baba! Nikawekwa kupangusa glasi miezi mitatu. Bado inaniuma.

Wale wazee walibakiza kiasi kwenye chupa. Nikakimimina kwenye kikombe cha chai, nikajificha stoo. Ukali wa tufaha bichi, chumvi kwa mbali, na vipovu vidogo mno vinavyochoma ncha ya ulimi. Utamu wa sukari hakuna kabisa; ndio unaoitwa mvinyo mkavu. Pale stoo ndipo nilipoanza kazi hii ya mvinyo.

Miaka ya katikati naiacha. Leo orodha ya mvinyo ya hoteli ninayofanyia kazi naiandika mimi.

Sasa sikilizeni. Zabibu ya Muscadet inaitwa Melon de Bourgogne. Asili yake ni Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, na ni ndugu wa zabibu ya Chardonnay, kwani zote zimezaliwa na aina mbili za zabibu, Pinot na Gouais Blanc. Ilienea upande wa Nantes baada ya baridi kali ya 1709 kuua mizabibu mingi, kwa kuwa yenyewe inastahimili baridi. Mkulima hahitaji kufafanuliwa hilo: aliyepoteza shamba zima hupanda mche usiokufa. Sehemu inayojulikana zaidi ni Sèvre et Maine, jina la mito miwili, iliyotambuliwa kisheria mwaka 1936.

Zabibu hii haina harufu kubwa. Ndiyo maana tafuteni maneno "sur lie" kwenye lebo. Maana yake mvinyo umelala juu ya mashapo ya hamira majira yote ya baridi, haukuhamishwa, ukapata unene kidogo na vile vipovu. Ule wa Clisson, mji wa huko huko upande wa Nantes, kwenye udongo wa matale, hulazwa muda mrefu zaidi, na huo unabeba hata samaki wa mchuzi wa siagi.

Chakula chake ni chaza. Kome pia, waliochemshwa kwa mvinyo huo huo na vitunguu. Changu wa kuchoma mwenye chumvi na ndimu, sawa kabisa. Pweza wa nazi, hapana! Tui zito linaufunika, unabaki kama maji. Upoze nyuzi 8 hadi 10. Ukizidisha barafu hautakuwa na ladha yoyote.

Na msikisie. Jina linalofanana na lingine lisiwadanganye, onjeni kwanza. Nawaona vijana wanakariri majina ya Kifaransa ili wasikike wasomi, wakiulizwa swali moja wanababaika. Ombeni kijiko kimoja kutoka chupa iliyofunguliwa, mwonje, mwandike kwenye daftari. Mvinyo hauulizi umezaliwa wapi, na yeyote anayewaambia si wenu, mwacheni na maneno yake.

Mdogo wangu, Jumatatu wakikuuliza, waambie: ni mkavu, zabibu ni Melon, unatoka Nantes, naupeleka mezani pamoja na chaza. Halafu nyamaza. Ukitoka tu, niandikie.