Kuchora mimea hapa pwani: fursa nilizozipata na nilizozipoteza

Mwenzetu wa Malindi ameuliza mambo mawili: kwanza, kama kuchora mimea kwa usahihi wa kisayansi kunaweza kumpatia mtu riziki hapa kwetu, au ni burudani ya wastaafu wa Ulaya wenye bustani zao, na pili, kama vikundi vidogo vya wachoraji wa mimea vimewahi kufanikisha jambo lolote la kutajika. Nitajibu kwa niliyoyapitia mwenyewe katika miaka saba ya kuchora mikoko pamoja na wenzangu wanane hapa Mombasa, nikitanguliza neno moja ambalo laiti ningaliambiwa mapema: kazi hii usiitafute kwenye maduka ya picha, itafute kwa watu wanaohitaji kuujua mmea.

Sisi watu wa pwani hatukuanza jana kuitia mimea katika sanaa. Leso zina korosho tangu enzi za bibi zetu, na milango ya mji wa kale imechongwa mayungiyungi na majani ambayo fundi aliyapanga kwa jicho lake. Lakini hayo ni mapambo, na fundi wa mapambo ana ruhusa ya kuongeza jani pale nafasi inapobaki wazi. Mchoraji wa kibotania hana ruhusa hiyo. Yeye hupima kwa bikari, huhesabu sepali, vile vijani vinavyolifunika tumba la ua, hutazama kama majani yamekaa mawili mawili yakielekeana au yamepishana kijitini, na huchora ili mtu ambaye hajawahi kuuona mmea huo autambue siku atakayokutana nao. Mimi nilitoka kwenye uchoraji wa mabango ya maduka, kwa hiyo mkono wangu ulikuwa mwepesi na macho yangu mavivu, na ilinichukua karibu mwaka mzima kuacha kurembesha.

Somo lenyewe nilifunzwa na mlilana. Katika aina tisa za mikoko zilizopo Kenya, mlilana ndio unaosimama mbele kabisa upande wa bahari, mizizi yake ikichomoza matopeni kama vigingi vilivyochongwa ncha. Mtafiti mmoja wa mimea alikuwa ametuomba michoro ya mikoko kwa ajili ya kitini cha kufundishia, nami nikachukua mlilana kwa kudhani ni rahisi, kwa sababu tunda lake la mviringo lililokalia sepali kama nyota linajulikana na kila mtoto aliyekulia kando ya hori. Nikaenda asubuhi, nikakata kijiti chenye ua, nikakiweka kwenye chupa ya maji na kuchora siku mbili mfululizo. Nilipompelekea, alitazama kidogo, akaniuliza stameni, zile nyuzi za ua zenye chavua, ziko wapi. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba ua hilo halina. Akacheka, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Aliyenitoa ujinga ni mzee mmoja anayewinda kaa kwenye hori letu. Nilimsimulia yaliyonipata, naye akasema, "Mwanangu, mlilana haufunguki mchana. Njoo usiku wa bamvua, maji yakikupwa, uone." Kwa wasioijua bahari yetu, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Mombasa hukupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na huo ndio wakati mtu anapoweza kuifikia mililana kwa miguu. Tukaenda watatu na taa za kichwani. Ua lililokuwa limefumba jioni lilikuwa limefunguka, na ndani yake mlikuwa na stameni nyeupe nyingi mno, nyembamba kama nyuzi za hariri, zimetawanyika pande zote kama brashi, huku sepali zikionyesha wekundu upande wa ndani. Nilichora nimesimama, matope yakinifika juu ya kifundo cha mguu, mwenzangu mmoja akinishikia karatasi na mwingine akinihesabia sepali kwa sauti. Kulipokucha, maji yalipokwisha kujaa na kuanza kushuka tena, stameni zile zilikuwa zimedondoka zote zikielea juu ya maji, na ua limebaki vile vile nilivyolichora mara ya kwanza. Mchoro wangu wa awali, basi, ulikuwa sahihi kama picha ya mauti.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndilo jibu la swali ambalo kila mtu huniuliza: mbona wasipige picha tu kwa simu? Picha huonyesha jani moja, siku moja, katika mwanga mmoja. Karatasi moja ya mchoraji huweka pamoja tumba, ua lililofunguka usiku, ua lililokwisha, tunda, tunda lililokatwa kati na mbegu zake, na jani mbele na nyuma, kila kimoja na mstari wake wa kipimo. Mtafiti anayelipia mchoro hulipia huo mkusanyiko. Uzuri huja baadaye, ukija.

Sasa nije kwenye fursa. Iliyo kubwa zaidi hapa kwetu, na isiyozungumzwa, ni ile inayozunguka hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti. Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa, mizizi yake ni Amani kule Usambara, Tanzania, ambako ilianzishwa mwaka 1902 kabla ya kuhamishiwa Nairobi mwaka 1950, na leo ina sampuli kavu zipatazo milioni moja. Wengi hudhani kwamba kazi imekwisha, kwa kuwa ule mradi mkubwa wa kuieleza mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania, ulioanza mwaka 1948, ulikamilika mwaka 2012 ukiwa na spishi zaidi ya 12,000. Haijaisha. Spishi mpya bado zinaelezwa, na ijapokuwa kanuni za kutoa majina hazimlazimishi mtaalamu kuambatanisha mchoro wa mti au ua, wahariri na wasomaji wake huutaka, tena wa wino mweusi, usio na rangi. Kwa hiyo, ndugu yangu, kama umejaa hamu ya rangi za maji, jifunze kwanza kalamu ya wino na nukta za kivuli, maana huko ndiko kuliko na uhitaji. Mchoro wangu wa kwanza wa aina hiyo nililipwa shilingi 9,000, na ulinichukua siku kumi na moja. Hesabu hiyo haivutii, lakini mtaalamu yule alinipeleka kwa wengine watatu.

Fursa ya pili imeletwa na mikoko yenyewe. Tangu wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kusini mwa Mombasa, walipoanza mwaka 2013 kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa ukaa unaohifadhiwa na mikoko yao, kupitia mradi wao wa Mikoko Pamoja, jamii nyingi za pwani zimeanza kuitazama mikoko kama mali iliyo hai, si boriti na makaa pekee, na wageni wakija wanataka kuambiwa wanachokiona. Kikundi chetu kilichora mabao ya maelezo kwa ajili ya njia ya mbao inayoendeshwa na kina mama katika hori moja. Walitulipa kidogo, wakatulisha vizuri, na wakatusahihisha majina mawili tuliyokuwa tumeyachanganya, mkandaa na kikandaa, kosa ambalo lingetuaibisha kwa miaka kadhaa kwenye bao lililopigiliwa misumari.

Huko ng'ambo milango ipo, ila nashauri usiianzie huko. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza hutoa medali kwa mchoraji anayewasilisha kazi sita zenye mada moja, baada ya jopo kukagua kwanza mifano ya kazi zake. Chama cha wachoraji wa mimea cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1994, hupokea wanachama kutoka popote, na Taasisi ya Hunt iliyoko Pittsburgh imekuwa ikiandaa maonyesho ya kimataifa tangu mwaka 1964. Mwaka 2018 nchi 25 zilifanya maonyesho ya mimea yao ya asili kwa wakati mmoja, na mwaka 2025 yakarudiwa kwa mada ya mazao, mada ambayo mtu wa pwani mwenye muhogo, mtama na korosho nyuma ya nyumba hana sababu ya kuiogopa. Mimi niliomba nafasi kwenye onyesho moja la nje na nikakataliwa kwa sentensi mbili: vikonyo vya majani yangu havikuungana na kijiti kwa namna inayoaminika. Nilikasirika kwa wiki moja, kisha nikachukua lenzi ya mkono nikaenda kuvitazama vikonyo. Walikuwa wamesema kweli.

Watu wakitaka mfano wa mafanikio kutoka Kenya humtaja Joy Adamson, ambaye dunia inamjua kwa habari za simba, ilhali kabla ya hapo alichora mamia ya maua ya nchi hii na kupewa medali ya dhahabu ya Grenfell na chama kile cha Uingereza mwaka 1947. Namheshimu. Hata hivyo, sipendi historia yetu ianze na kuishia kwake, kwa maana kila aliyeingia msituni kuchora maua alihitaji mwenyeji wa kumwonyesha ua lilipo na saa linapofunguka, kama mimi nilivyomhitaji mwinda kaa, na majina ya wenyeji hao hayakuandikwa pembeni mwa michoro. Kwetu tumeweka utaratibu kwamba aliyetuonyesha mmea huandikwa nyuma ya karatasi pamoja na tarehe na mahali.

Kuna hasara moja ambayo ningependa uikwepe. Kampuni moja ilichukua mchoro wangu wa mbuyu nilioutundika mtandaoni na kuuchapisha kwenye pakiti za bidhaa yake bila kuniuliza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mchoraji tangu anapomaliza kazi yake, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, lakini mimi sikuwa nimehifadhi rasimu, wala tarehe, wala faili lenye ukubwa kamili, na nilipoulizwa ushahidi nikabaki kutaja majina ya marafiki walioniona nikichora. Tuliishia kwenye kuombana radhi na kiasi kidogo cha fedha kisichotosha hata wino wa mwaka. Siku hizi rasimu zote nazitia tarehe, na ninachotundika ni kipande tu cha mchoro.

Kuhusu mafanikio ya kikundi, siwezi kuyapamba. Katika watu tisa, wawili wanapata kazi za kulipwa mara kwa mara, mmoja anafundisha kuchora majani katika shule ya msingi, na waliobaki huja kwa sababu Jumamosi asubuhi ni bora kuketi chini ya mkoko kuliko kuketi kwenye gari. Aina saba kati ya zile tisa tumezimaliza, kila moja na ua, tunda na jani lake. Ya nane ni mkomafi dume, ambao maua yake tumeyakosa misimu miwili.

Ya tisa ni msikundazi, na hapo ndipo tulipokwama. Tunda lake tumeshalichora vizuri, gumu, lenye mgongo uliochomoza kama mkuku wa mashua, na linaelea kama mashua pia. Shida ni upande wa chini wa jani, ambao una rangi ya fedha inayobadilika kila unapoligeuza. Tumejaribu kijivu chepesi, tumejaribu kuiacha karatasi ionekane, na mara zote mbili jani limetoka likifanana na bati. Ukija Jumamosi, njoo na penseli ya 2H na bikari. Na kama kule Malindi unamjua mtu aliyewahi kuipata rangi hiyo, mlete naye.