Video yangu imerudi hewani, na wewe usikubali kutishwa

Jana jioni video yangu ilirudishwa na nina furaha hadi usingizi umekataa. Wale mnanifuata mnajua mimi huchambua nyimbo za benga, muziki wa gitaa wa Kenya, yaani nacheza kipande cha gitaa, nasimamisha, naeleza vile solo inajibizana na besi, halafu tunaendelea. Kampuni moja hapa mjini ikadai nimewaibia, video ikashushwa, na watu niliodhani ni marafiki wakaniambia niachane na wakubwa. Hiyo iliniuma na bado inauma.

Sikuachana nao. Niliketi saiba nikasoma Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 na imesema wazi, unaweza kutumia kazi ya mtu kwa njia ya haki kama ni utafiti wa kisayansi, matumizi yako binafsi, ukosoaji ama uhakiki, au kuripoti matukio ya sasa, bora utaje chanzo. Uhakiki! Si ndiyo kazi yangu? Basi jibu nikalijenga hapo, kipande kwa kipande, hapa nimecheza gitaa tu, hapa nimesimamisha, haya ndiyo maelezo yangu, na jina la bendi liko kwa skrini mwanzo mpaka mwisho.

Sasa wenzangu, kuna wale huandika chini ya video eti hawana nia ya kukiuka hakimiliki wakidhani ni kinga, hiyo haikingi kitu. Wengine wananitajia sheria ya Marekani, lakini kule kifungu cha 107 cha sheria yao ya hakimiliki kinampa jaji mambo manne ya kupima, lengo lako, aina ya kazi, umechukua kiasi gani na umeharibu soko la mwenyewe vipi, kwa hivyo mlango wao ni mpana. Wetu umetaja malengo, na lako lisipokuwemo omba ruhusa.

Na tuseme ukweli, mpiga gitaa naye anakula kwa hiyo kazi. Ukiweka wimbo mzima kwa video ya harusi uliyolipwa kupiga, huo si uhakiki, mlipe mwenye wimbo. Taja chanzo, kata fupi, ongea kuliko unavyocheza. Narudia, taja chanzo. Na notisi ya kudai umeiba, isiyo na msingi, ikija, usitukane mtu na usifute video kwa woga, jibu mapema, uonyeshe kila kipande umekitumia kwa nini.