Nasaha kwa anayeanza programu ya onazi katika chuo kikuu cha Marekani

Mwanafunzi aliyekulia Tanzania au Kenya akifika Marekani na kusikia habari za honors, neno ambalo humu nitaliandika onazi kama tunavyolitamka, hudhani kwamba tayari analijua. Kwetu onazi ni daraja: unasoma miaka yako mitatu au minne, alama zinajumlishwa, na mwishoni unaambiwa umepata daraja la kwanza, la pili la juu au la pili la chini, bila kuomba wala kujiandikisha popote. Marekani nako kuna tuzo inayofanana na hiyo, lakini ina jina lake, yale maneno ya Kilatini cum laude, magna cum laude na summa cum laude. Onazi yao ni programu ndani ya chuo, yenye ofisi, mkurugenzi, kozi na masharti yake, ambayo mtu huomba kuingia, na ambayo anaweza kutoka mikono mitupu hata kama alama zake ni za kupigiwa mfano.

Mimi niliingia na ufahamu wa nyumbani, nikaamini kwamba wajibu wangu ni kupata A kila muhula na kwamba mengine yatajileta yenyewe. Ufahamu huo ulinigharimu karibu mwaka mzima. Nyumbani mambo hayakuwa bora, kwa kuwa shangazi yangu alipoelezwa kwamba nasomea shahada ya heshima aliwatangazia majirani kuwa nitatunukiwa ile wanayopewa marais, na hadi leo sijafaulu kumtoa huko.

Ukifuata asili ya neno utaona kwa nini linatuchanganya. Frank Aydelotte, Mmarekani aliyewahi kusoma Oxford kwa ufadhili wa Rhodes, alikuwa rais wa chuo cha Swarthmore, Pennsylvania, kilipoanzisha mwaka 1922 mpango wa kuwaondoa wanafunzi wachache wa miaka miwili ya mwisho katika kozi za kawaida, wakasoma kwa semina ndogo na kutahiniwa na wataalamu kutoka nje ya chuo. Vyuo vingine viliuiga mpango huo na kuubadilisha kila kimoja kwa namna yake, na leo vyuo vikuu vikubwa vya majimbo vina vyuo vizima vya onazi ndani yao, kama Barrett kilichoanzishwa mwaka 1988 katika Arizona State. Sisi tulichota kwenye kisima hicho hicho cha Uingereza kwa ndoo tofauti: chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961 kilikuwa kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na desturi za London zikaja nacho. Wamarekani walichukua semina na kazi ya kujitegemea. Sisi kilichotukaa vichwani ni daraja.

Kuhusu kuingia sitakawia. Wengi huchaguliwa wakati wa kuomba chuo, kwa alama za sekondari na insha moja au mbili, lakini programu nyingi zina mlango wa pili kwa wanafunzi waliokwisha kusoma muhula mmoja au miwili chuoni hapo, na baadhi huwapokea wanaohamia kutoka vyuo vya jamii vya miaka miwili. Mlango huo wa pili unawahusu sana vijana wetu waliofika Marekani kutoka kambi za wakimbizi, ambao aghalabu huanzia katika vyuo hivyo na hudhani kwamba nafasi imekwisha kuwapita. Jihadhari pia na barua zinazokualika ujiunge na jumuiya ya wanafunzi bora kwa ada. Zipo jumuiya za heshima za kweli, kama Phi Beta Kappa iliyoanzishwa mwaka 1776, ila hata hizo si programu ya onazi, na uanachama wake haukupunguzii hata krediti moja (kipimo cha uzito wa kozi) kati ya zile unazodaiwa.

Ukishaingia, jambo la kwanza litakalokutisha ni wastani wa alama. Programu nyingi hutaka usishuke chini ya kiwango kilicho kati ya 3.2 na 3.5 katika kipimo cha 4.0, na mgeni akipata C mbili katika muhula wa kwanza huona ameshafukuzwa. Fanya hesabu kabla ya kulia. Ukisoma kozi tano za krediti tatu tatu, ukapata A tatu na C mbili (A ni pointi 4, C ni 2), wastani wako ni 3.2, muhula wa pili ukipata A tupu, wastani wa mwaka unapanda hadi 3.6. Kwa kawaida chuo humpa mwanafunzi aliyeshuka muhula mmoja au miwili ya kujirekebisha, kwa hiyo nenda ukazungumze na mshauri wa masomo wala usijitoe kimyakimya. Wazazi nao waelezwe mapema. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapima kwa 5.0 na daraja la kwanza huanzia 4.4, hivyo baba anayesikia 3.6 atakuhesabu katika daraja la pili na kukupigia simu ya masikitiko.

Kwa anayesoma kwa viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, kuna tahadhari moja zaidi. Ukiwa na hofu ya alama utashawishika kuiacha kozi ngumu katikati ya muhula, na huenda hilo likawa jambo la busara, lakini sheria ya viza inakutaka uwe na angalau krediti 12 kila muhula, na kushuka chini ya hapo bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kunahatarisha ukaazi wako, jambo ambalo halirekebishiki kwa urahisi kama wastani wa alama.

Semina za onazi huwa na watu wachache, na kuchangia hoja ni sehemu ya alama. Sisi tumelelewa kumsikiliza mwalimu hadi atakaponyamaza, na kuona kwamba kumkatiza au kumpinga mbele za watu ni utovu wa adabu. Nilikaa majuma matano katika semina yangu ya kwanza bila kufungua kinywa, nikiwa nimesoma kila ukurasa uliotakiwa, hadi profesa aliponiita na kuniuliza kwa upole kama naelewa Kiingereza. Tangu siku hiyo nilikuwa nikiandika swali moja usiku na kulitamka katika dakika kumi za mwanzo, kabla mazungumzo hayajashika kasi kiasi cha kunifanya nisipate pa kupenyea. Ni mbinu ndogo, lakini sijui nyingine iliyonisaidia zaidi.

Sasa niingie kwenye kiini cha nasaha hizi. Katika programu zinazodai tasnifu, nazo ni nyingi, wanafunzi hawakwami kwa sababu ya mitihani. Hukwama mwaka wa mwisho, wakiwa na krediti zote za onazi na alama nzuri, lakini hawana msimamizi, au wana msimamizi bila mada, au wana mada bila kibali. Kwa hiyo anza kumtafuta msimamizi tangu mwaka wa pili. Njia iliyo rahisi ni ule mkataba wa onazi, yaani makubaliano yanayomruhusu mwanafunzi kuigeuza kozi ya kawaida kuwa ya onazi kwa kufanya kazi ya ziada chini ya profesa wa kozi hiyo, na ambayo hutakiwa kutiwa saini katika majuma machache ya mwanzo wa muhula. Wengi huuchukulia mkataba kama njia ya kukusanya krediti tu. Utumie kumpima mtu: je, anasoma rasimu zako, anajibu barua, anakukosoa kwa namna inayokujenga? Profesa mashuhuri asiyejibu barua hatakufaa kitu ifikapo Machi ya mwaka wa mwisho. Muulize pia, bila haya, kama atakuwepo mwaka huo, kwa maana maprofesa huenda likizo ya utafiti ya muhula au mwaka mzima, na kama ajira yake inamruhusu kusimamia tasnifu, kwa sababu wahadhiri wa mikataba ya muda mara nyingine hawaruhusiwi.

Mimi msimamizi nilimpata kwa njia hiyo, katika kozi ya afya ya jamii, na mada ikatokana na maisha niliyokuwa nikiyaona kila Jumapili. Kanisani kwetu kulikuwa na akina mama wengi kutoka Kivu na Katanga waliokuwa wakienda hospitali wakitafsiriwa na watoto wao, na nilitaka kujua wanachokosa kuelewa. Nilikuwa na ari kubwa. Kabla ya likizo ya kiangazi kwisha nilikuwa nimeshawahoji akina mama kumi na mmoja, nimewarekodi kwenye simu, na nikampelekea msimamizi daftari langu kwa fahari. Jibu lake lilikuwa la mstari mmoja, akiuliza namba ya kibali cha kamati ya maadili.

Sikuwa nayo, na sikujua kwamba inahitajika. Marekani ilitunga sheria ya utafiti kuhusu binadamu mwaka 1974, baada ya kufichuliwa kwamba huko Tuskegee, Alabama, watafiti wa serikali waliwaacha wanaume weusi wenye kaswende bila tiba kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 ili kuutazama mwenendo wa ugonjwa, na kwa sababu hiyo kila chuo kinachofanya utafiti wa namna hii kina kamati ya kupitia mpango kabla mtu hajahojiwa. Kuna mafunzo ya kufanya kwenye intaneti, kuna fomu, na kuna kusubiri kwa majuma kadhaa. Yale mahojiano kumi na moja nililazimika kuyafuta yote. Kosa lilikuwa langu, ingawa nitasema kwamba hakuna aliyelitaja jambo hilo katika mikutano yote ya kutukaribisha, ambamo tulielezwa kwa kirefu mahali pa kuchukulia fulana.

Ukitaka kuhoji watu kwa Kiswahili, jua kwamba kamati itataka kuiona fomu ya ridhaa kwa Kiswahili pia, na tafsiri hiyo isikuponze. Niliiandika ya kwangu kwa Kiswahili sanifu cha darasani, na mama wa kwanza niliyemsomea akaniuliza ridhaa ni mtu gani. Tuliandika upya, tukasema “kukubali bila kulazimishwa”, tukaipeleka tena kamatini, majuma mengine matatu yakapita. Na kama unakusudia kuja kukusanya data nyumbani, kibali cha chuo chako hakitoshi: Tanzania Bara vibali vya utafiti hutolewa na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Zanzibar ina utaratibu wake, na Kenya leseni hutolewa na NACOSTI, tume yao ya sayansi. Anza kuviomba miezi mingi kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kuandika kwenyewe kulikuwa kwepesi kuliko nilivyohofia, maadamu mada ilikuwa finyu. Tulikutana kila Alhamisi, nusu saa, na sharti la msimamizi lilikuwa kwamba nije na kurasa, hata mbili, hata mbovu. Mpe msomaji wa pili, yaani profesa mwingine anayeipitia tasnifu, rasimu kamili angalau mwezi mmoja kabla ya utetezi, kikao cha kuitetea kazi yako kwa maswali, kwa sababu naye ana wanafunzi wake, na mabadiliko anayoyadai msomaji aliyeletewa kazi dakika za mwisho huwa makubwa kuliko ya aliyeshirikishwa mapema. Utetezi wangu ulichukua saa moja, na swali gumu kuliko yote lilihusu yale mahojiano niliyoyafuta.

Mwisho kuna karatasi. Cheti cha Marekani hakiandikwi daraja la kwanza wala la pili, na mwajiri wa Dar es Salaam atakuuliza daraja. Kabla ya kuondoka omba nakala rasmi ya alama uhakikishe kwamba kukamilisha kwako onazi kumeandikwa humo, kisha iombe ofisi ya onazi barua inayoeleza programu ilidai nini: krediti ngapi, wastani gani, tasnifu ya kichwa kipi. Mimi ya kwangu niliiambatisha kwenye maombi ya kutambuliwa shahada pale TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na nakala yake imo katika kila bahasha ya maombi ya kazi niliyotuma tangu wakati huo.