Ruzuku ya bustani na sharti linalomtisha diwani

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wadogo, naishi katika mji mdogo wa Ohio, Marekani. Nyuma ya majengo tuliyopanga kuna kiwanja cha mji kilichoota magugu. Majirani tumeungana, tunataka kiwe bustani ya umma yenye njia ya kutembea, uwanja wa mpira na bembea za watoto. Tumesikia ipo ruzuku ya serikali kuu, lakini diwani wetu haitaki. Anasema ukiipokea, ardhi inafungwa daima na mji hauwezi kujenga kitu kingine hapo. Tena anasema fedha hutolewa kazi ikishafanyika. Ni kweli? Na sisi wakazi tunaweza kuomba wenyewe?
Mama wa watoto, Ohio

JIBU: Marahaba, mwanangu. Diwani wako amesema kweli kwa yote mawili. Ninapoachana naye ni pale anapoliona hilo sharti la ardhi kuwa hasara. Nimeandaa maombi ya namna hii kwa miaka mingi, na kwa watu walio katika hali yenu nalithamini kuliko fedha zenyewe.

Ruzuku hiyo inatoka katika Mfuko wa Uhifadhi wa Ardhi na Maji, ulioundwa kwa sheria aliyoitia saini Rais Lyndon B. Johnson mwaka 1964. Fedha zake karibu zote ni mapato ya mafuta na gesi vinavyochimbwa baharini. Kwa miongo mingi Bunge liliuidhinishia pungufu ya dola milioni 900 zilizotajwa kisheria, na tofauti ikaenda kwenye matumizi mengine. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2020 ndiyo iliyofanya kiasi hicho kitolewe kamili kila mwaka. Fungu la majimbo na miji husimamiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa, na kwenu Ohio maombi hupitia Idara ya Maliasili ya jimbo.

Sasa tuje kwenye sharti. Kiwanja kikishapata ruzuku hii, kinabaki cha burudani ya umma ya nje, bila kikomo cha miaka. Mji ukitaka kukigeuza kuwa maegesho au kumuuzia mwekezaji, lazima upate kibali cha serikali kuu na utoe ardhi nyingine yenye thamani isiyopungua, inayowafaa watu kwa kiwango kinacholingana na ile ya kwanza. Hata kama ruzuku ilinunua bembea tu, kwa kawaida ulinzi unaifunika bustani nzima. Ninyi ni wapangaji. Hamna hati ya ardhi wala mwanasheria wa kudumu. Madiwani watabadilika na bei ya viwanja itapanda. Mtoto wako akija kuwa na watoto wake, sharti hilo bado litakuwa linamlindia uwanja.

Hata hivyo, hofu ya diwani msiipuuze, maana ina dawa. Maombi huambatana na ramani ya mpaka wa eneo litakalolindwa. Muulizeni kwa upole: je, mji unatarajia kupanua barabara upande ule, kupitisha bomba kubwa, kujenga kituo cha zimamoto? Kama ndiyo, kipande hicho kitolewe kwenye ramani kabla ya mkataba kusainiwa. Nimeona maombi mazuri yakikwama kwa sababu jambo hili lilizungumzwa mwishoni, watu wakiwa wameshakasirikiana.

Kuomba wenyewe hamwezi. Mwombaji ni mji, kaunti au mamlaka ya bustani. Lakini ombi lisilo na watu nyuma yake ni dhaifu, na hapo ndipo mnapohitajika. Kila jimbo lina mpango wa burudani za nje unaohuishwa kila baada ya miaka 5, na ombi lazima lioane nao. Utafuteni, someni unasemaje kuhusu njia za kutembea na viwanja vya karibu na makazi, kisha kusanyeni maoni ya mtaa kwa maandishi. Hudhurieni mikutano ya halmashauri, na mama wenye watoto wasemewe na mama wenye watoto.

Kuhusu fedha: mfuko hulipa hadi nusu ya gharama, na mji hutangulia kulipa ndipo urudishiwe. Kwa mji mdogo huu ndio mlima wenyewe. Unapungua mradi ukigawanywa kwa awamu, mwaka huu njia na bembea, uwanja baadaye. Kazi ya kujitolea na vifaa vya msaada vinaweza kuhesabiwa katika nusu ya mji, mradi saa na thamani ziandikwe ipasavyo tangu siku ya kwanza. Ohio ina pia mpango wake uitwao NatureWorks, unaorudisha hadi asilimia 75, ingawa mafungu yake hugawanywa kwa kaunti na huwa madogo. Ulizieni yote mawili.

Msianze ujenzi kabla ya mkataba, kwani gharama za ujenzi za kabla ya hapo hazirudishwi. Na kukata nyasi na ukarabati wa kila mwaka ni juu ya mji. Hilo liingie kwenye bajeti waziwazi.

SWALI: Mwalimu, bustani yetu ilijengwa kwa mfuko huohuo. Wakazi wanataka watu wa miji jirani wazuiwe kuingia, kwa kuwa wanajaza uwanja. Inaruhusiwa?
Kocha wa vijana, Minnesota

JIBU: Hairuhusiwi, kocha. Mlango uko wazi kwa umma wote. Mnachoweza ni kuwatoza wageni kiingilio kikubwa zaidi, ila kisizidi mara mbili ya kile wanacholipa wakazi. Kama shida ni msongamano, wekeni ratiba ya timu kwa saa, itumike sawa kwa mwenyeji na mgeni.