Kwa nini ginkgo haihesabiwi kuwa na tunda?

Swali: Mti wa ginkgo (Ginkgo biloba) huzaa kitu cha manjano chenye nyama na kokwa ndani. Kwa nini basi huwekwa pamoja na misonobari, na si pamoja na mimea itoayo maua?

Jibu: Uainishaji wa mimea ya mbegu hauangalii kama mbegu imezungukwa na nyama, bali huangalia mahali ilipo ovuli, yaani kiungo kitakachokuwa mbegu, wakati wa uchavushaji. Katika mimea itoayo maua ovuli imefungiwa ndani ya ovari, yaani kifuko kilichomo ndani ya ua, hivyo chavua hutua kwenye stigma (sehemu ya ua inayopokea chavua) na kuotesha mrija unaopenya hadi kuifikia. Baada ya utungisho ovuli huwa mbegu, na ovari huwa tunda.

Ginkgo, kama misonobari, haina ovari. Ukichunguza kikonyo cha mti wa kike wakati wa uchavushaji, utaona ovuli, kwa kawaida mbili, zimekaa nchani bila kifuniko chochote, kila moja ikiwa imetoa tone dogo la majimaji kwenye kitundu chake. Chavua iliyopeperushwa na upepo hunaswa na tone hilo, nalo linaponywea huiingiza ndani. Ile nyama ya manjano ni tabaka la nje la ganda la mbegu yenyewe, na likianguka chini hunuka kama siagi iliyochacha kwa sababu ya asidi ya butiriki.

Udanganyifu wa namna hii si wa ginkgo peke yake: "tunda" la Juniperus, mti wa jamii ya misonobari, ni magamba ya koni yaliyonenepa na kuungana, na kikombe chekundu cha Taxus, mti mwingine usio na ovari, huota kuizunguka mbegu huku kikiiacha wazi kwa juu.

Kwa ginkgo upo ushahidi mwingine, ambao mimi nauona mzito zaidi. Mwaka 1896 mtafiti wa mimea Hirase Sakugorō wa Japani aligundua kwamba gameti (chembe za uzazi) za kiume za ginkgo zina flagela, yaani vijimkia, na huogelea kulifikia yai, jambo ambalo miongoni mwa mimea ya mbegu iliyo hai leo huonekana kwenye ginkgo na saikadi (mimea ya koni yenye majani kama ya mnazi) tu.

Kinyume chake ni mvinje (Casuarina), ambao wengi huudhania kuwa jamaa ya msonobari kwa vitawi vyake vyembamba kama sindano na vibunda vyake vinavyofanana na koni. Kipasue kimoja: kila kipande chenye bawa kilichomo ni tunda kamili lililokomaa kutoka kwenye ovari, lenye mbegu moja ndani yake, na kwa hiyo mvinje ni mmea utoao maua.