Bakteria wa Udongo na Sumu Tunazomwaga: Maswali na Majibu

Safu ya leo inajibu maswali ya wasomaji kuhusu namna bakteria wa udongo wanavyopata uwezo wa kuvunja viuatilifu, mafuta na kemikali za viwandani. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Swali: Kemikali nyingi za viwandani hazikuwepo duniani kabla ya karne iliyopita. Imekuwaje bakteria wakajifunza kuzila kwa muda mfupi namna hii?

Jibu: Hakuna bakteria mmoja mmoja anayekutana na sumu kisha akabuni njia ya kuimeng'enya. Kinachofanyika ni uteuzi ndani ya umati mkubwa mno. Gramu moja ya udongo wenye rutuba inaweza kubeba bakteria wapatao bilioni moja au hata zaidi, na kila wanapogawanyika, baadhi yao hupata kosa dogo katika kunakili jeni zao. Makosa mengi hayana faida, na mengine huua. Ikitokea hata hivyo kwamba kosa moja limekiwezesha kimeng'enya (protini inayoendesha mabadiliko ya kemikali) kilichozoea kuvunja kitu kingine kuishika kemikali mpya, ijapokuwa kwa kasi ndogo sana, bakteria mwenye kimeng'enya hicho hupata chakula ambacho jirani zake hawakipati, na uzao wake huongezeka kuliko wao.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa atrazini, dawa ya magugu iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani walitangaza kwamba wamempata, katika udongo uliomwagikiwa na dawa za magugu, bakteria wa jenasi Pseudomonas aliyepewa jina ADP, ambaye aliweza kuishi akiitegemea atrazini kuwa chanzo chake pekee cha naitrojeni. Kimeng'enya chake cha kwanza, AtzA, huing'oa atomi ya klorini kutoka kwenye atrazini. Protini hiyo imeundwa kwa vipande vidogo 475 viitwavyo asidi amino. Kipo kimeng'enya kingine, TriA, ambacho kazi yake ni kushughulikia melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, na viwili hivyo vinatofautiana kwa asidi amino 9 tu; hata hivyo AtzA haifanyi lolote la maana mbele ya melamini, ilhali TriA bado huigusa atrazini kidogo. Nafasi 9 kati ya 475 zimetosha kukihamisha kimeng'enya kutoka kazi moja hadi nyingine.

Hiyo ni hatua moja tu, na njia nzima ya kuivunja atrazini hadi kubaki kaboni dioksidi na amonia ina hatua sita, zinazosimamiwa na jeni sita. Zote zimebebwa na plasmidi, yaani duara dogo la DNA lililo nje ya kromosomu, ambalo bakteria mmoja anaweza kumpa mwenzake hata kama si wa jenasi yake. Jeni tatu za mwanzo zimetawanyika kwenye plasmidi hiyo, zikiwa karibu na vipande vya DNA vyenye tabia ya kuhama kutoka mahali hadi mahali. Tatu za mwisho zimekaa pamoja kwa mpangilio. Ukiitazama ramani yake unaona kitu kilichoungwa kwa viraka vya asili mbalimbali, wala si kazi iliyokamilishwa mara moja. Na kwa kuwa plasmidi husafiri, jeni zinazokaribia kuwa zilezile zimepatikana kwa bakteria wa aina tofauti katika mabara tofauti.

Swali: Dawa ya magugu niliyokuwa nikiitumia ilifanya kazi vizuri misimu ya mwanzo, lakini sasa magugu yanarudi mapema. Je, inawezekana udongo umeizoea?

Jibu: Inawezekana, ingawa sharti kwanza uhakikishe kwamba si magugu yenyewe yaliyopata usugu, kwa sababu mambo hayo mawili huonekana sawa shambani. Magugu sugu huendelea kukua hata dawa ikiwa bado imo udongoni. Udongo uliozoea huimaliza dawa kabla haijafanya kazi yake. Jambo hili si geni. Mwaka 1949 mtaalamu wa mimea wa Uingereza, L. J. Audus, alichapisha matokeo ya jaribio ambamo alizungusha maji yenye dawa ya magugu ya 2,4-D kupitia udongo mara kwa mara. Mwanzoni dawa ilikaa bila kupungua sana, kisha ikaanza kutoweka kwa kasi; alipoongeza dozi mpya kwenye udongo uleule, ikatoweka bila kipindi cha kusubiri. Bakteria walioweza kuila walikuwa wameshaongezeka.

Nakusihi usiongeze dozi, kwa sababu utakuwa unawaongezea bakteria hao chakula. Badilisha kundi la kemikali kwa misimu kadhaa, au tumia palizi, ili wapungue kwa kukosa kile kilichowapa nafuu.

Swali: Nimeona bakteria wa kusafisha udongo wakiuzwa kwenye pakiti. Je, wanatosha kuondoa mafuta yaliyomwagika?

Jibu: Mara nyingi hawahitajiki. Mafuta ghafi yamekuwa yakivuja kutoka ardhini kwa muda mrefu kuliko historia ya binadamu, na bakteria wenye uwezo wa kula sehemu zake wapo karibu kila mahali. Kinachowakwamisha ni kitu kingine: mafuta yamejaa kaboni lakini hayana naitrojeni wala fosforasi ya kutosha kujengea seli mpya. Ndiyo maana baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta pwani ya Alaska mwaka 1989, wasafishaji waliweka mbolea kwenye fukwe, na bakteria wa palepale wakafanya kazi kwa kasi zaidi. Kwenye shamba lenye mafuta, kulima ili hewa ipenye, kutunza unyevu na kuweka mbolea kwa kipimo huwa na maana kuliko pakiti. Bakteria wa kuletwa huliwa na protozoa (vijidudu vya seli moja vinavyokula bakteria), hushindwa na wenyeji, au hufa tu kwa kutozoea mazingira.

Kanuni hii ya lishe hugeuka kulingana na kichafuzi. Kwa atrazini, ambayo bakteria huitaka kwa ajili ya naitrojeni, kuweka mbolea nyingi ya naitrojeni kunaweza kupunguza kasi ya uvunjaji, kwa kuwa wanapata bure kile walichokuwa wakikitafuta kwa taabu. Asiyeuliza kwanza bakteria anatafuta nini kwenye sumu anaweza kutumia fedha nyingi kuzuia kazi aliyokusudia kuisaidia.

Swali: Kwa nini basi DDT, ile dawa ya kuua wadudu, bado imo udongoni baada ya miaka mingi?

Jibu: Kuna sababu mbili zinazosaidiana. Ya kwanza ni umbo lake: ina atomi tano za klorini, na palipo na oksijeni mabadiliko yanayotokea kwa urahisi huigeuza kuwa DDE, ambayo nayo ni sumu na ni ngumu zaidi kuvunjika. Ya pili ni kwamba DDT haipendi maji. Hujibana kwenye mboji na kwenye vitundu vidogo vya udongo ambamo bakteria hawaingii. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyozidi kujificha. Uwezo uliorithiwa hausaidii pale ambapo mlaji na chakula hawakutani.

Swali: Je, chini kabisa ambako hakuna hewa kazi hii inaweza kuendelea?

Jibu: Inaendelea, na kwa baadhi ya sumu huko ndiko inakofanyika vizuri zaidi. Viyeyusho vyenye klorini vinavyotumika kusafishia nguo na vyuma, kama tetrakloroetini, vina klorini nyingi kiasi kwamba oksijeni haisaidii sana kuvivunja. Mwaka 1997 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walieleza kuhusu bakteria wa jenasi Dehalococcoides, ambaye hutumia viyeyusho hivyo kama sisi tunavyotumia oksijeni, yaani kwa kupumua. Huziondoa klorini moja baada ya nyingine hadi kubaki ethini, gesi isiyo na madhara kama ya viyeyusho hivyo.

Hatari iko katikati ya safari. Kabla ya ethini kuna kloridi ya vinili, inayosababisha saratani kwa binadamu, na si kila aina ya Dehalococcoides ina jeni za kuivuka hatua hiyo ipasavyo. Eneo likikosa aina inayofaa, sumu moja hugeuka kuwa nyingine mbaya zaidi na usafishaji ukasimama hapo. Kwa hiyo wataalamu hupima kwanza jeni zilizomo kwenye maji ya chini ya ardhi, kisha ndipo huingiza mafuta ya mimea au molasi ili vijidudu vingine vivichachushe na kutoa hidrojeni ambayo Dehalococcoides huitegemea. Hapa, tofauti na kwenye mafuta, kuleta bakteria kutoka nje huwa na sababu ya kweli.

Swali: Na risasi na zebaki?

Jibu: Hizo ni elementi, haziwezi kuvunjwa. Bakteria wanaweza tu kuzibadili hali, kwa mfano kuigeuza zebaki iliyo kwenye chumvi kuwa mvuke unaoruka hewani.

Swali: Nitajuaje kama kichafuzi kimevunjwa kweli, na hakikusombwa tu na maji?

Jibu: Ni swali ambalo kila mwenye ardhi angepaswa kumuuliza mkandarasi wake, kwa sababu kipimo kinachoonyesha kupungua peke yake hakithibitishi lolote. Tafuta mazao ya uvunjaji: kama tetrakloroetini imepungua, je, ethini imeonekana? Njia nyingine inategemea isotopu za kaboni, yaani atomi za kaboni zinazotofautiana kwa uzito. Bakteria huzivunja kwa haraka kidogo zaidi molekuli zenye kaboni-12 iliyo nyepesi, hivyo sehemu inayobaki huzidi kuwa na kaboni-13. Kichafuzi kikipungua kwa kuchanganyika na maji safi, uwiano huo haubadiliki.