Kabla hujang'oa nanga, ijue "breeze" iliyoandikwa kwenye simu

Kwa sisi tunaopeleka wageni kwa boti Msimbati na Mnazi Bay, hapa Mtwara, utabiri wa upepo tunausoma kwenye simu, na mara nyingi umeandikwa kwa Kiingereza. Ushauri wangu kwa vijana wanaoingia kwenye kazi hii ni mmoja: majina hayo yajifunzeni pamoja na vipimo vyake.

Anzeni na upepo, maana ndio unaoua. Shuleni breeze ni upepo mwanana, na mgeni aliyekaa ufukweni naye hulitumia hivyo. Kwenye utabiri wa bahari, neno hilo hufuata ngazi iliyoanzishwa na Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1805. Katika ngazi hiyo breeze ziko tano. Light breeze haifiki hata kilomita 12 kwa saa, unausikia usoni tu. Strong breeze ni kilomita 40 hadi 50 kwa saa: mawimbi yanapasuka povu jeupe kila upande na maji yanarukia ndani ya boti. Kwa kasi hiyo TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hutangaza upepo mkali. Gale, iliyo juu ya breeze zote, inaanzia kama kilomita 62 kwa saa, na hapo hakuna mjadala. Kwa hiyo wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, kijana akiniambia "ni breeze tu, mzee", namuuliza breeze ipi.

Kwenye mvua, drizzle ni manyunyu. Shower ni mvua inayokuja ghafla na kukatika, lakini fupi haina maana ya ndogo. Heavy shower inaweza kukufungia nchi kavu yote usiione. Rain haihesabiki, usiseme "a rain". The rains ni msimu mzima, na kwetu Mtwara ni mmoja, Novemba hadi Aprili.

Mist na fog vyote ni ukungu. Usipoona umbali wa kilomita moja, hiyo ni fog.

Cyclone, hurricane na typhoon ni kimbunga kilekile, bahari ndiyo inayobadilisha jina. Cha kwetu ni cyclone, kama Kenneth ya Aprili 2019 iliyowapiga jirani zetu wa Cabo Delgado, Msumbiji. Kwa hiyo mgeni wa Marekani akiuliza habari za hurricane, msimwambie huku hakuna. Mwelezeni Kenneth ilipita wapi, kisha mfungulieni taarifa ya TMA ya siku hiyo.